Kofia Tatu za Eliza: Mavazi, Lafudhi na Tabaka katika Uwanja wa Ascot

Zipo kazi za sanaa ambazo sisi walimu wa lugha hatuna budi kuzihakiki hata kama hazikutungwa kwa lugha tunayoifundisha. Mojawapo ni filamu ya My Fair Lady, iliyoongozwa na George Cukor na kutolewa mwaka 1964. Kisa chake ni kisa cha mwalimu na mwanafunzi. Profesa Henry Higgins, bingwa wa fonetiki, anamchukua Eliza Doolittle, msichana maskini auzaye maua katika mitaa ya London, akijigamba kwamba kwa muda wa miezi sita atayabadilisha matamshi yake hata adhaniwe kuwa binti wa ukoo mkubwa. Jaribio la kwanza la mafunzo hayo linafanyika hadharani, mbele ya mabwana na mabibi waliohudhuria mbio za farasi za Ascot.

Sehemu hiyo ya Ascot ndiyo inayokumbukwa mno na watazamaji, na aghalabu hukumbukwa kwa ajili ya kofia: kofia pana kama sinia, zilizosheheni manyoya, maua na tepe. Nasi hatukanushi uzuri wake. Hata hivyo, twadai katika makala haya kwamba katika kisa cha Eliza zipo kofia tatu zinazostahili kuhesabiwa, na kwamba iliyo nzito kuliko zote ni ile isiyoonekana kabisa. Filamu imeifunika kwa manyoya ya kofia nyingine, na hapo ndipo sifa yake na kasoro yake zinapokutana.

Tuanze na uwanja wenyewe. Ascot ni mji mdogo ulio karibu na kasri la Windsor, magharibi ya London. Malkia Anne ndiye aliyeanzisha mbio hapo mwaka 1711. Mwaka 1825 Mfalme George wa Nne akaanzisha desturi ya ukoo wa kifalme kuingia uwanjani kwa msafara wa magari yanayokokotwa na farasi, desturi ambayo ingalipo. Alhamisi ya juma hilo, siku ya kushindania Kombe la Dhahabu lililoanzishwa mwaka 1807, imekuja kujulikana kuwa ni Siku ya Mabibi. Tangu zamani, basi, uwanja huo umekuwa na mashindano mawili: ya farasi na ya wanadamu. Farasi hushindana kwa dakika chache. Wanadamu hushindana mchana kutwa, na silaha yao ni mavazi.

Mashindano hayo ya pili yana sheria kali kama ya kwanza. Katika ua wa kifalme mwanamume sharti avae suti rasmi ya mchana na kofia ndefu ya mviringo, nyeusi au ya kijivu. Mwanamke naye sharti avae kofia. Wala sheria hizo si hadithi za kale. Mwaka 2012 wakuu wa Ascot walipiga marufuku katika ua huo vile vipambo vidogo vinavyobanwa nyweleni, wakaamuru kwamba kivazi cha kichwani kiwe na kitako imara chenye upana usiopungua sentimita 10. Mahali ambapo kofia hupimwa kwa rula, aliyeivaa naye amekwisha kupimwa.

Hata msiba haukuwahi kuyavunja mashindano hayo. Mfalme Edward wa Saba alipofariki mwezi wa Mei, mwaka 1910, mbio za Juni hazikuahirishwa. Watu wa tabaka la juu walihudhuria wamevaa nguo nyeusi, na manyoya ya kofia za mabibi yakawa meusi vilevile. Tukio hilo limeingia katika historia ya mavazi kwa jina la Ascot Nyeusi. Waombolezaji walipendeza mno, na maombolezo yakawa mtindo.

Sasa tutazame chimbuko la filamu. Kazi hii ina babu na baba. Babu yake ni tamthilia ya Pygmalion ya George Bernard Shaw, mwandishi mzaliwa wa Ireland, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1913 na kisha London mwaka 1914. Baba yake ni mchezo wa nyimbo wa Alan Jay Lerner na Frederick Loewe, uliofunguliwa New York mwaka 1956. Katika tamthilia ya Shaw hakuna Ascot. Jaribio la kwanza la Eliza linafanyika sebuleni kwa mama yake Higgins, mbele ya wageni wachache tu. Ni waandishi wa mchezo wa nyimbo waliolihamisha tukio hilo kutoka sebuleni hadi uwanjani, na filamu ikawafuata. Uhamisho huo ndio unaotushughulisha hapa, kwani mtunzi abadilipo mandhari hubadili na maana.

Lazima tukiri kwamba uhamisho huo ulifanywa kwa ufundi mkubwa. Maleba ya mchezo na ya filamu yalibuniwa na Cecil Beaton, ambaye kazi yake ya filamu ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1965. Katika uwanja wa Ascot, Beaton ameziondoa rangi takribani zote. Wanawake wamevaa nyeupe na nyeusi, wanaume kijivu. Wengi wameiona picha hii kuwa mwangwi wa ile Ascot Nyeusi ya mwaka 1910. Umati unasimama wima kama safu ya sanamu, na kuimba kwa sauti tulivu kwamba umesisimka, hali hapana hata ukope unaopepesa. Farasi wanapita kwa mshindo, na umati unabaki vilevile. Hapa fani imelitumikia vema dhamira. Bila ya neno moja la hotuba, mtazamaji anaonyeshwa tabaka zima lililogeuka sare moja, watu waliojifunza kutoonyesha moyo na kuita jambo hilo adabu. Hii ni kejeli ya hali ya juu, nasi twaisifu.

Lakini katika umati huo anaingia Eliza, na hapo ndipo tunapoanza kuzihesabu kofia.

Kofia ya kwanza haimo Ascot. Imo katika tendo la pili la tamthilia ya Shaw. Eliza anapokwenda kwa Profesa Higgins kuomba afundishwe, tena kwa kulipa kwa fedha zake mwenyewe, amevaa kofia yenye manyoya matatu ya mbuni: moja la rangi ya machungwa, moja la samawati na moja jekundu. Ameivaa kwa heshima. Ni namna yake ya kusema kwamba hakuja kuombaomba, amekuja kama mtu aendaye dukani. Lakini wenyeji wake wanaona kichekesho tu, na baada ya muda mfupi Profesa anaamuru nguo zake zichomwe moto. Tuyashike mawazoni manyoya hayo matatu. Juu ya kichwa cha muuza maua ni dalili ya ushamba.

Kofia ya pili ni ile maarufu ya Ascot. Ni pana kupita mabega ya mvaaji, imefungwa utepe mkubwa wenye milia myeupe na myeusi, na imejazwa manyoya ya mbuni. Basi yale manyoya yaliyomfanya Eliza achekwe siku alipokuja na matatu, leo amevikwa tele na kila shingo inageuka kumstaajabia. Ndege ni yuleyule. Kilichobadilika ni fedha iliyolipwa na jina la aliyelipa. Mtazamaji wa Afrika ana sababu ya kuuliza zaidi, kwa maana katika zama zinazosimuliwa na filamu manyoya hayo yalitoka kwa wingi Afrika ya Kusini, hasa katika wilaya ya Oudtshoorn, ambako wafugaji wa mbuni walitajirika mpaka biashara ilipoporomoka mwaka 1914. Manyoya ya ndege wengine, kama vile yangeyange, yalipatikana kwa kuwaua, hata Uingereza ikapitisha sheria mwaka 1921 kuzuia kuingizwa kwa manyoya ya namna hiyo nchini. Uzuri wa uwanja ule ulikuwa na gharama zilizolipwa mbali na uwanja.

Kofia ya tatu ni ya mabua, nayo haionekani. Imo ndani ya maneno ya Eliza. Mwalimu wake amemwonya azungumzie mambo mawili tu: hali ya hewa na afya za watu. Naye anatii. Inapotajwa homa ya mafua, anaeleza kwa matamshi safi kabisa kwamba shangazi yake alisemekana kufa kwa homa hiyo, lakini yeye hasadiki. Shangazi alikuwa na nguvu. Mwaka uliotangulia aliugua dondakoo akapona, baada ya baba yake Eliza kumnywesha pombe kali kwa kijiko hata akazinduka na kukikata kijiko kwa meno. Mtu wa namna hiyo hawezi kuuawa na mafua. Kisha Eliza anauliza swali lake: ilikwenda wapi kofia mpya ya mabua ya shangazi, ambayo ilikuwa iwe urithi wake? Imeibwa. Na kwa maoni ya Eliza aliyeiba kofia ndiye aliyeua, kwani watu aliokuwa akiishi nao shangazi wangaliweza kumwua mtu kwa ajili ya pini ya kofia, sembuse kofia yenyewe.

Tuipime hali hiyo. Wanaomsikiliza wamevaa vichwani mwao fedha za kulisha mtaa mzima anakotoka Eliza. Naye, akiwa amevaa kofia kubwa kuliko zao, anawasimulia juu ya mwanamke maskini ambaye huenda aliuawa kwa sababu ya kofia ya mabua. Hatuoni mahali pengine katika kisa hiki ambapo utajiri na ufukara vimewekwa karibu namna hii, kofia mkabala wa kofia. Hoja ya Eliza ina mantiki, ina ushahidi, ina hata mashaka ya haki ambayo mpelelezi mwema angeyafuata. Lakini hapana anayeuliza habari za marehemu. Mabibi wanashangaa, kijana Freddy anacheka na kuvutiwa, Higgins anajaribu kuwaaminisha kwamba huo ndio mtindo mpya wa mazungumzo. Kifo cha mtu kimegeuzwa mtindo, kama maombolezo ya mwaka 1910 yalivyogeuzwa mtindo.

Hapo ndipo tunapoiona kasoro ya filamu. Katika sebule ya Shaw, ambamo kuna viti vichache na vikombe vya chai, maneno ya Eliza yana nafasi ya kusikika. Watu wachache wanatazamana, kimya kinaingia, na msomaji anacheka huku akijiuliza anacheka nini. Katika uwanja wa Beaton, jicho limekwisha kushiba kabla sikio halijaanza kula. Kamera imeipenda mno kofia ya pili hata kofia ya tatu inakuwa kichekesho cha kupita. Kisha, ili mtazamaji atoke na kicheko kikubwa zaidi, sehemu hiyo inamalizwa kwa Eliza kumpigia kelele farasi aliyewekewa dau, kwa neno la mitaani lisilotajika mbele ya wakubwa, na mama mmoja mtukufu anazimia. Shangazi amesahauliwa. Filamu iliyokusudia kuwakejeli waabudu mavazi imewafanya watazamaji wake nao kuwa waabudu mavazi. Ushahidi haukosekani: mwaka 2011 lile vazi la Ascot liliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola milioni 3. Waliolinunua hawakununua habari za kofia ya mabua.

Huenda wakatokea wasomaji watakaotuambia kwamba tunaubebesha mchezo wa nyimbo mzigo usio wake, na kwamba kazi ya namna hii hutungwa ili kuburudisha. Hoja hiyo ina uzito, wala sisi si maadui wa kicheko. Lakini burudani nayo huchagua cha kuchekwa. Katika uwanja huohuo yumo mtu mwingine aliyevunja sheria, naye ni Higgins mwenyewe. Amekuja Ascot na suti ya sufu ya kahawia, vazi la kutembelea mashamba, katikati ya mabwana waliovaa kijivu. Mama yake anakereka, lakini hapana anayezimia wala anayeuliza ametoka wapi. Kwa nini? Kwa sababu yeye ni mwana wa tabaka lile na hana haja ya kulithibitisha. Mwenye cheo akivunja desturi huitwa mtu wa tabia zake. Kabwela akiivunja huitwa mshenzi. Filamu imetupa picha hiyo ya thamani, kisha ikapita haraka bila kuitazama mara ya pili.

Shaw alilijua jambo hilo vizuri. Aliyapenda mambo ya fonetiki. Katika dibaji ya tamthilia yake alimtaja kwa heshima Henry Sweet, mtaalamu wa matamshi wa Oxford, na katika wasia wake aliacha fedha ili ibuniwe alfabeti mpya ya Kiingereza. Aliona kwamba matamshi ni ukuta unaowatenga Waingereza na Waingereza wenzao. Lakini hakudanganyika kwamba kuubomoa ukuta huo kwatosha. Baada ya ushindi wa mwisho, Eliza anamwuliza Higgins swali linalouma: nguo hizi nilizovaa ni zangu au ni za Kanali Pickering? Anataka kujua asije akasingiziwa wizi. Msomaji makini atakumbuka mara moja ile kofia ya mabua iliyoibwa. Eliza anatoka katika ulimwengu ambamo mtu huweza kuuawa kwa ajili ya kofia, na sasa, akiwa amepambwa kama binti mfalme, bado anaogopa kuitwa mwizi wa kofia. Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri matako. Filamu imelihifadhi swali hilo, na twaishukuru. Lakini ingelipata nguvu zaidi laiti shangazi angeheshimiwa kule uwanjani.

Yapo pia maajabu mengine ambayo hayakukusudiwa. Filamu hii inahusu msichana anayenyang'anywa sauti yake na kupewa nyingine. Mchezaji wake, Audrey Hepburn, aliimba, lakini katika nyimbo nyingi sauti yake iliondolewa na kuwekwa ya mwimbaji Marni Nixon. Waliotengeneza filamu walifanya jambo lilelile ambalo hadithi yao inalihoji.

Ndugu walimu, mambo haya hayatuhusu kwa mbali. Sisi tunaofundisha Kiswahili nje ya pwani yake, iwe Kampala, Kigali, Bujumbura au Bukavu, tunafundisha lugha sanifu iliyojengwa juu ya lahaja ya Kiunguja, na ambayo tangu mwaka 1930 ilisimamiwa na kamati maalumu ya lugha. Usanifishaji huo umetufaa sana. Vitabu vinasomeka kuvuka mipaka, na mtihani wa nchi moja unaeleweka katika nchi nyingine. Lakini kila mwalimu anamjua mwanafunzi anayechanganya r na l, au anayekuja na Kiswahili cha sokoni kwao, ambaye akifungua kinywa darasani wenzake huangua kicheko. Aghalabu mtoto huyo hunyamaza mwaka mzima, na kwa kuwa amenyamaza tunadhani hana la kusema.

Hatusemi matamshi yasifundishwe. Eliza mwenyewe aliyataka, akayagharimia, na yalimfungulia milango. Anayemnyima mwanafunzi lugha sanifu kwa kisingizio cha kuheshimu asili yake anamfungia nje vilevile. Tunalosema ni kwamba Higgins alikuwa bingwa wa fonetiki lakini mwalimu pungufu. Alimpa mwanafunzi wake irabu na konsonanti, akampa na mada mbili za kuzungumzia, kisha akashangaa msichana alipozijaza mada hizo kwa maisha yake mwenyewe. Aliandaa kinywa, akasahau kwamba nyuma ya kinywa yupo mtu. Kwa kweli, siku ile Ascot Eliza hakushindwa mtihani wa lugha. Alikuwa mtu pekee katika umati ule aliyetumia lugha kueleza jambo lililomtokea.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba atakayeonyesha filamu hii katika chuo au darasa la juu asiishie kuwauliza wanafunzi ni vazi gani liliwapendeza, wala ni makosa gani aliyoyafanya Eliza. Kwanza awatafsirie kwa Kiswahili safi habari za shangazi, kutoka katika tamthilia ya Shaw, kabla hawajaona manyoya wala tepe. Awaulize kama wao wanaamini kwamba marehemu alikufa kwa mafua. Wajadiliane, watoe hoja, kila mmoja kwa lafudhi aliyokuja nayo, na mwalimu asubiri mpaka hoja imalizike ndipo asahihishe matamshi. Baada ya hapo ndipo awaonyeshe uwanja wa Ascot na kofia zake. Twaamini watacheka pale pale wanapocheka watazamaji wengine, kwani filamu inachekesha kweli. Lakini Eliza atakapoitaja kofia ya mabua watakuwa wameshaifahamu, na watatazama nyuso za wanaomsikiliza ili waone kama yumo hata mmoja aliyesikia.